Dodoma, Mpwapwa na Kondoa: siku kumi na moja za kiangazi

Nimerudi wiki tatu zilizopita. Haya nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari na picha za simu, kwa sababu watu kadhaa wameniuliza safari ilikuwaje, na wachache wakashusha sauti na kuuliza la pili: je, ilikusaidia? Kwa hiyo naandika yote mawili, barabara na hali yangu.

Januari mwanangu wa mwisho alikwenda bweni. Mwishoni mwa Machi nikapewa barua. Ofisi niliyoitunzia vitabu vya hesabu kwa miaka 13 ilikuwa inapunguza watu, na jina langu lilikuwamo. Tangu hapo usingizi ukawa unakatika saa tisa usiku, kila usiku, kama mtu kagonga dirisha. Moyo unakwenda mbio, taya zimekazana hadi asubuhi zinauma. Zahanati walinipima, presha iko sawa, sukari iko sawa. Niliulizia bei ya mshauri nasaha, nikaona siimudu. Ndugu zangu walikuwa wamenisikiliza miezi mitatu na nilishaanza kusikia wakivuta pumzi ndefu kabla ya kuitika simu yangu. Siwalaumu.

Nikaona hili itabidi nijifunze kulibeba mwenyewe. Nilitenga shilingi 450,000, nikamwandikia mama mdogo aliyeko kijijini huko Mpwapwa kwamba nakuja, nikajiwekea sharti moja: njiani sitampigia mtu yeyote simu kulalamika.

Jumanne, 8 Julai. Dar hadi Dodoma

Nilitaka kuondoka Jumatatu, lakini ilikuwa Sabasaba na treni zilikuwa zimejaa. Nikapata ya Jumanne asubuhi, daraja la kawaida, 31,000. Tangu treni hii ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima ya basi imekuwa ya asubuhi moja.

Kwa anayepanga: kata tiketi mapema, hasa karibu na sikukuu. Kitambulisho ni lazima, na fika stesheni saa mbili kabla, maana ukaguzi wa mizigo una foleni yake.

Kwenye simu nilikuwa nimehifadhi makala kuhusu Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, ambaye mwaka 1936 alieleza jinsi mwili unavyopokea msukosuko. Aliwachunguza panya, akaona kwamba iwe baridi, iwe sumu, iwe kuchoshwa kupita kiasi, mwili unajibu kwa namna ileile. Kwanza unashtuka. Kisha unajikaza na kustahimili, na kwa nje mtu anaonekana mzima kabisa. Msukosuko ukiendelea bila kupumzika, akiba inakwisha na mwili unachoka. Nilijipima kati ya Morogoro na Kilosa. Aprili nilishtuka. Mei na Juni nilijikaza, nikafanya usafi wa nyumba nzima, nikapaka rangi hadi geti. Julai nilikuwa naelekea kwenye ile ya tatu.

Baada ya mahandaki ya Kilosa nchi inabadilika rangi. Kijani kinaisha, inabaki kahawia na mibuyu. Kiangazi mibuyu haina hata jani moja. Imeyaangusha yote ili maji yaliyomo kwenye shina yasipotee hewani, na itakaa hivyo hadi mvua zikaribie. Niliipiga picha nyingi mno kupitia kioo. Karibu zote zina ukungu wa pumzi yangu.

Dodoma upepo ulinipokea mlangoni mwa stesheni. Chumba 25,000, wali na maharage 3,000. Saa tisa usiku macho yakafunguka kama kawaida.

Jumatano, 9 Julai. Dodoma mjini

Kwa kuwa nilikuwa macho, nikafungua daftari na kufanya kitu nilichokifanya kila mwisho wa mwezi kwa miaka 13: kupanga madeni kwa tarehe. Ukurasa mmoja, safu tatu. Hofu yenyewe, kiasi chake kama kinahesabika, na tarehe inapodaiwa. Ada ya muhula, 480,000, Januari. Kodi ya nyumba, 600,000, Septemba 30. Kufa maskini: kiasi hakijulikani, tarehe haijulikani. Kuonekana nimeshindwa: hakuna ankara, hakuna anayedai.

Nilipomaliza kulikuwa na mistari 14. Iliyokuwa imefika tarehe siku ile ilikuwa mmoja tu, nao ni kumpigia dada wa bima kuhusu kadi ya mtoto. Ofisini hakuna anayekwenda kulipa deni la Januari saa tisa usiku wa Julai. Mtu analiandika, anafunga kabati, anakwenda nyumbani. Nilifunga daftari nikalala hadi saa kumi na mbili na nusu, usingizi mrefu kuliko wowote tangu Aprili.

Julai Dodoma ni baridi asubuhi na usiku, na watu wa pwani huwa tunasahau. Soko la Majengo nilipata sweta la mtumba kwa 6,000. Beba pia mafuta ya kujipaka ya kutosha, midomo inapasuka.

Kwenye kifungua kinywa nilikaa meza moja na dada mtumishi wa serikali ambaye nyumba yake ilikuwa inapakwa rangi. Alihamishwa kutoka Dar mwaka 2017, katika lile wimbi lililofuata tangazo la 2016 kwamba sasa serikali inahamia kweli, baada ya uamuzi uliokuwa kwenye karatasi tangu 1973. Mume akabaki Dar na kazi yake. Hewa kavu ikamtoa damu puani wiki ya kwanza.

"Mwaka mzima nilikuwa naishi Dar, mwili ndio uko Dodoma," alisema. Kila Ijumaa alipanda basi kwenda Dar, kila Jumapili akarudi na macho mekundu. Nikamuuliza nini kilibadilika. Akafikiri, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Siku moja sikwenda. Nilikuwa nimechoka tu. Nikafungua masanduku ambayo yalikuwa yamefungwa mwaka mzima, nikatundika mapazia yangu." Sasa ana mizabibu minne uani, na mume hupanda treni kumfuata.

Mchana nilizunguka kwa miguu, nikapumzika Uwanja wa Nyerere, nikalala mapema.

Alhamisi, 10 Julai. Dodoma, Kongwa, Mpwapwa

Stendi ya Nanenane, kosta ya Kongwa, 5,000. Barabara kuu ya Morogoro hadi Mbande, kisha unakata kulia. Hakuna la kusimulia hadi Kongwa yenyewe, na Kongwa nilishuka kwa makusudi.

Marehemu mama alizoea kututajia Kongwa kila tulipotaka kitu kikubwa kwa haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja hapa na mpango wa karanga. Kwao vita vilikuwa vimewaacha na uhaba wa mafuta ya kula, wakaona nyika hii ni tupu na itawalisha. Walileta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya kivita. Mibuyu ikawashinda kung'oa, mvua ikakataa kufuata ratiba yao, na udongo wa mfinyanzi ukikaukiwa unakuwa tofali, karanga hazitoki ardhini. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimezama. Wenyeji waliokuwa wakilima mtama na uwele hapo pembeni waliendelea kulima mtama na uwele.

Nilisimama kando ya shamba lililovunwa, nikaokota bonge la udongo na kujaribu kulivunja kwa vidole. Halikuvunjika. Nimelileta Dar, liko juu ya friji.

Kutoka Kongwa nilipanda gari dogo la abiria kwenda Mpwapwa, 3,000. Njiani mkanda wa injini ukakatika. Saa saba mchana, jua kali juu ya upepo baridi, abiria kumi na mmoja, mtandao hakuna. Kondakta alipanda bodaboda ya kwanza iliyopita kwenda kutafuta mkanda mwingine, na mimi nikaanza kupata kile kitu: kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, mawazo yanakimbia mbele hadi usiku, nitalala wapi, nani atajua niko hapa. Mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Hata kama mtandao ungekuwepo, sharti lilikuwepo pia.

Nikakaa kwenye jiwe chini ya mgunga. Jambo moja nililokuwa nimejifunza kuhusu pumzi ni kwamba moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapoitoa, kwa hiyo ukifanya kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, unaushika mkono na kuutembeza pole pole. Nne kuvuta, sita kutoa. Nilihesabu nikitazama wadudu chungu waliokuwa wakivuta bawa la panzi kuvuka ufa wa ardhi. Walilidondosha mara tatu. Mara ya nne walilizungusha, upana ukawa urefu, likapita. Kwa saa yangu ilichukua dakika kumi na moja. Kifua kilikuwa kimefunguka na sikuona kilipofunguka.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja kukaa kwenye jiwe lilelile. "Mbukwa," akanisalimu, na Kigogo changu cha kuokoteza kikatosha kuitikia. Alikuwa na kidumu cha maji cha lita tatu. Alimnywesha mtoto, akanimiminia mimi kwenye kifuniko, kisha akanywa yeye. Niliandika usiku ule kwamba sharti langu halikuhusu maji. Nilikuwa nimeanza kuchanganya kujitegemea na kukataa watu, na tangu asubuhi nilikuwa nimekaa garini kama mtu aliyefungwa mdomo. Maji nilipokea, nami nikambeba mtoto hadi mkanda ulipofika, saa mbili na nusu baadaye.

Ushauri: njia hii ianze asubuhi, beba maji lita moja na nusu na kitu cha kutafuna. Magari huwa machache baada ya saa tisa alasiri.

Mpwapwa chumba 15,000, safi, ndoo ya maji ya moto bure. Mwezi ulikuwa mpevu, milima yote inaonekana.

Ijumaa 11 hadi Jumapili 13 Julai. Kijijini kwa mama mdogo

Bodaboda 5,000 kutoka Mpwapwa mjini. Nilikuwa na sukari kilo tano, mafuta, sabuni na kanga, jumla 40,000. Mara ya mwisho nilifika hapa kwenye msiba wa bibi mwaka 2011. Nilipiga goti, "Shikamoo mama mdogo," akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Marahaba. Umekonda shingo." Hakuuliza kitu kingine siku nzima. Nilimshukuru moyoni.

Anaishi kwenye nyumba ya bati, lakini tembe ya bibi bado imesimama nyuma yake, paa la udongo bapa, ukuta mnene. Ndimo anamokaa mchana wa jua kali na ndimo anamotunza chakula. Siku ile ya kwanza aliniingiza akanionyesha: uwele kwenye magunia, ubuyu, na debe la plastiki lililojaa unga wa kijani uliokolea. Ni mlenda. Mvua zinaponyesha, majani yako kila mahali, mengine yanaota yenyewe shambani kama magugu. Wanayachuma, wanayaanika, wanayatwanga, na debe moja linawavusha hadi masika mengine.

Jioni aliupika mbele yangu. Maji yachemke na magadi kidogo sana, kama ncha ya kucha. Karanga zilizotwangwa. Unga wa mlenda unamiminwa kwa mkono wa kushoto kidogo kidogo huku wa kulia unakoroga bila kusimama, vinginevyo unafanya mabonge. Ukiwa tayari unavutika, ukiinua mwiko unafuata. Ugali wake ulikuwa wa uwele, mweusi kidogo, mzito. Nilikula kama niliyekuwa na deni na tumbo. Usiku niliamka saa kumi na moja badala ya saa tisa. Nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi alinipeleka shambani. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mabua yamelazwa. Nilidhani tunakwenda kuokota kuni.

"Tunakwenda kuamsha," alisema.

Ninachokieleza hapa kinaitwa kisiki hai, na Dodoma vijiji vingi sasa wanakijua, kwa sehemu kubwa kupitia shirika la LEAD Foundation ambalo limekuwa likikifundisha kwa wakulima. Wakulima wa Niger walikwenda njia hiyohiyo tangu miaka ya 1980. Hakuna mche unaonunuliwa, hakuna mti unaopandwa. Shamba linaloonekana tupu lina visiki vya miti iliyokatwa miaka mingi nyuma kwa kuni na mkaa, na chini mizizi iko hai, imeshashuka hadi kwenye unyevu. Kila mwaka kisiki kinachipua, kila mwaka mbuzi wanatafuna au jembe linafyeka, na kinabaki kichaka cha goti. Anayekuja kupanda mche mpya pembeni yake anamwagilia kwa ndoo, na Septemba umekufa.

Mama mdogo aliinama kwenye kichaka kimoja cha mgunga. Nilihesabu machipukizi 23, mengine membamba kama kalamu. Hakukata haraka. Aliyashika moja moja karibu na ardhi, akiyatikisa, akitafuta yaliyonyooka na yaliyotoka chini kabisa kwenye kisiki. "Chagua matatu," aliniambia. Nilichagua manne. Akaniachia panga.

Kukata kulinichukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu machipukizi mengi niliyotakiwa kuyaondoa yalikuwa ya kijani, mazima, yana majani. Hayakuwa na kosa. Nilisita kwenye moja lililokuwa nene kuliko yote lakini limelala upande. Mama mdogo alisimama bila kusema. Nililikata. Utomvu wake ulinata kwenye vidole hadi jioni. Mwisho niliona manne ni mengi, moja linasukumana na jingine, nikaondoa na hilo la nne. Tukapogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, tukafunga kitambaa chekundu ili wachungaji na watoto wajue kisiki hiki kina mwenyewe. Yaliyokatwa tukayafunga mzigo, ndizo kuni za usiku ule.

Tulifanya visiki tisa. Njiani kurudi nilimweleza yote, barua, saa tisa, taya. Alisikiliza huku akitembea, mzigo kichwani. Kisha akasema kwamba mwaka ambao mvua ilikata Februari na wao walikuwa na ng'ombe sita, baba mdogo aliuza wanne mapema, bado wana nyama, na jirani wakamcheka. Jirani walisubiri mvua irudi. "Wao waliuza ngozi." Hakuongeza neno.

Usiku ule kwenye daftari nilichora kichaka, mimi nisiyejua kuchora, na kila chipukizi nikaliandika jina. Kutafuta kazi ileile ofisi nyingine. Kufungua duka la nguo na rafiki. Kurudi chuo. Kuuza kiwanja. Kuhamia kwa kaka. Kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo wa mtaani kwetu. Kuomba mkopo. Yalikuwa 11. Yote ya kijani. Nilikuwa nimeyalisha yote kwa wakati mmoja tangu Machi, kila siku simu tano, kila siku mpango mpya. Nilifuta manane. La duka liliniuma.

Jumapili kanisani, ngoma na zeze, chakula kwa jirani, usingizi wa mchana. Hiyo ndiyo siku yote.

Neno kwa aliye kwenye hali kama yangu: mimi nilikwenda zahanati kwanza, na nakusihi nawe uende. Kama huli, kama hulali kabisa, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usijifungie na daftari. Hapo tafuta daktari hospitalini na mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo. Ninayoyaeleza ni ya mzigo unaobebeka.

Jumatatu, 14 Julai

Mpwapwa hadi Dodoma, 7,000, vumbi, hakuna kilichokatika. Nililala kuanzia saa mbili usiku.

Jumanne, 15 Julai. Dodoma hadi Kondoa

Basi 8,000. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu, ni sehemu ya ile njia kuu ya kale ya Cape hadi Cairo. Ukipita Kondoa, vilima vya Irangi vinaanza kuonyesha makovu: makorongo mekundu yenye kina cha kumeza nyumba, lakini ndani yake sasa kuna miti.

Kondoa mjini, mtaa wa karibu na soko, mzee mmoja muuza kahawa alinisimulia. Ardhi hii ilikuwa imeliwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973. Walichimba matuta, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Yeye alikuwa kijana.

"Maziwa yalikwisha siku moja," alisema. Baba yake alihamisha ng'ombe kwa ndugu upande wa Wamasai, na kila walipokwenda kuwasalimia waliwakuta wachache zaidi. Mama yake alikuwa anaamka alfajiri na kibuyu cha kukamulia mkononi, anafika kwenye zizi tupu, anarudi. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa.

Niliacha kunywa kahawa. Nilimuuliza walifanyaje. Alisema kwa muda mrefu hawakufanya kitu, walikasirika. Kisha nyasi zikaota, zenyewe, hakuna aliyezipanda. Misitu ikarudi kwenye makorongo. Wakaweka mizinga. Wakalima hadi chini kwenye mchanga wa korongo, kwenye unyevu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa kurudi, wa kufungwa ndani na kukatiwa majani. Nilitaka aniambie kwamba ilikuwa heri. Hakuniambia hivyo. Alisema ardhi ilipona na baba yake hakupona, alikufa akiwa na hasira ya ng'ombe wake. Alikataa kupokea shilingi 500 ya vikombe viwili.

Usiku ule saa tisa ilirudi, na taya. Sikujilaumu. Nne kuvuta, sita kutoa, daftari, mistari sasa 12. Nilikaa macho hadi alfajiri nikisikiliza adhana ya misikiti ikipishana.

Jumatano, 16 Julai. Kolo

Nilikwenda kuona michoro ya mapangoni. Gari la abiria Kondoa hadi Kolo 3,000. Unajiandikisha kwenye ofisi ya Mambo ya Kale barabarani, unapewa mwongozaji, kisha bodaboda hadi chini ya mlima, kwenda na kurudi 15,000. Bila mwongozaji huruhusiwi, na michoro hutaiona. Vaa viatu vya kufunga, mwisho wake ni mawe na kupanda.

Michoro ya mapangoni ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliinakili hapa mwaka 1951, miezi kadhaa, mchoro kwa mchoro. Ni watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa kama vimevaa manyoya, na wanyama. Palepale, Mungomi wa Kolo, Warangi hadi leo wanapanda kufanya matambiko, na juu ya mwamba kuna alama za pombe iliyonyunyiziwa. Mwongozaji alinionyesha mahali mchoro mmoja mweupe, wa mikono ya baadaye, umekaa juu ya mwekundu wa zamani bila kuufuta. Nilikaa mbele yake hadi akanikumbusha bodaboda inasubiri.

Chakula cha mchana, kuku wa kienyeji na ugali, 7,000, bora kuliko vyote nilivyolipia safari nzima.

Alhamisi 17 na Ijumaa 18 Julai

Kondoa hadi Dodoma kwa basi, usiku mmoja, treni ya asubuhi hadi Dar. Nyumbani nilifungua madirisha yote kabla ya kufungua begi.

Kwa anayepiga hesabu: nauli zote zilifika 124,000, vyumba 155,000, chakula kama 90,000, zawadi 40,000, na bodaboda za mjini, sweta na kiingilio vikamaliza kwenye 435,000. Ukiondoa Kondoa unaokoa zaidi ya laki moja.

Sasa hali. Saa tisa bado inaniamsha, mara mbili au tatu kwa wiki badala ya saba. Daftari liko kando ya kitanda. Kati ya machipukizi matatu niliyobakiza, moja ni la hesabu za wafanyabiashara wadogo. Nimepata watatu Mbagala: mwenye duka la vipuri, mama wa stoo ya nafaka na kijana wa mashine ya kusaga. Kwa pamoja wananilipa kama theluthi ya mshahara wangu wa zamani. Kodi ya Septemba imebaki 210,000.

Juzi mama mdogo alinitumia ujumbe kwa simu ya jirani. Mbuzi wa mtu waliingia shambani, wakaufikia ule mgunga wa kwanza. Kitambaa kipo. Chipukizi moja limeliwa, yamebaki mawili.